Swali la lugha: Kariakoo imejaa, kumejaa au pamejaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa Ilala, nikakulia Mtaa wa Likoma, Kariakoo. Sasa nafanya kazi Nairobi. Juzi niliandika makala fupi kuhusu mtaa wetu, nikaanza hivi: "Ikifika saa nne asubuhi Kariakoo kumejaa, hata pa kuweka mguu hakuna." Mhariri akafuta "kumejaa" akaweka "imejaa", akaniambia jina la mahali huwa katika ngeli ya I-ZI, basi. Mwenzake naye akasema ingefaa "pamejaa". Nani mkweli? Halafu mbona tunasema "sokoni" na "mjini" lakini hatusemi "Kariakooni"? Na huku Nairobi kuna mtaa wa Kariokor: ni neno lilelile, na lipi limeandikwa sawa? Mjomba wangu anashikilia kwamba Kariakoo ni "kalia koo", kwa jinsi wenye maduka wanavyowakaba wateja.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mjomba, maana wazee wa namna yake ndio wanaotupa kazi sisi walimu wa lugha. Kukabwa koo ni kweli. Mwezi uliopita winga mmoja, yaani dalali wa kuwatafutia wenye maduka wateja, alinishika mkono tangu kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani hadi kwenye fremu, yaani duka dogo, ya vitenge ambavyo sikuwa hata na haja navyo, na nilitoka na doti mbili. Lakini jina halikutoka huko.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Vita vikawafuata huko Rufiji na Lindi, nchi isiyokuwa na reli wala barabara ya maana, na mbung'o wakawa wanaua farasi na nyumbu. Mzigo wote, kuanzia masanduku ya risasi hadi magunia ya unga, ulikwenda vichwani mwa watu. Kikosi cha wapagazi hao jeshini kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao ya Dar es Salaam iliwekwa pembeni ya mji wa siku zile, kwenye eneo lililokuwa shamba la minazi, na jengo lililoachwa na Wajerumani likawa makazi yao. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Vita vilipokwisha kambi ikavunjwa, na katika miaka ya 1920 lile jengo likawa soko. Jina la kambi halikuondoka.

Sasa tega sikio. Mwingereza anapolitamka neno hilo la pili, corps, herufi p na s hazisikiki kabisa, na r nayo humezwa. Kinachobaki ni "ko" iliyovutwa. Neno la kwanza husikika kama "karia". Mswahili aliyesimama kando ya kambi hakuwa na haja ya kuona neno hilo limeandikwaje. Alichukua alichokisikia akakipa irabu zake: karia, koo. Kwa hiyo lile "koo" la mjomba halina uhusiano wowote na shingo.

Na hizo o mbili zina kazi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiandika Kariakoo, silabi ni ka-ri-a-ko-o, na mkazo unakaa kwenye "ko", kama tunavyosema "kondoo" au "mguu". Ukipunguza o moja ukaandika "Kariako", mkazo unarudi nyuma hadi kwenye "a", na jina linageuka kuwa la mahali pengine nisipopajua. Jaribu kulitamka kwa sauti utaona. Hata wachoraji wa vibao vya daladala, watu ambao hufupisha kila kitu, wanaandika K/Koo. Hawajathubutu kuandika K/Ko.

Ukitaka kuona vita vile vilivyoacha alama, tembea kidogo tu kutoka kwenu Likoma. Kuna Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Mahiwa na Mtaa wa Tandamti. Narung'ombe palipiganwa Julai 1917, Tandamti Agosti ya mwaka huohuo, Mahiwa Oktoba. Yote ni majina ya huko kusini. Leo ukimwambia kijana "tukutane Mahiwa" anawaza maduka.

Kariokor ya Nairobi ni ndugu wa tumbo moja na Kariakoo ya Dar es Salaam. Nayo ilikuwa kambi ya Carrier Corps, na baadaye likakua soko ambalo leo watu hulifuata kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Hata Unguja kuna Kariakoo, yenye viwanja vya watoto kuchezea bembea. Tofauti ya Nairobi ni kwamba kalamu ya Kiingereza ilikaa karibu zaidi: ile r ya mwisho imetokana na jicho lililoona neno limeandikwa, na sikio halikuhusika. Neno la Kiswahili halipendi kuishia kwa konsonanti, kwa hiyo kwa kanuni zetu Kariakoo ndiyo iliyoingia katika lugha sawasawa. Lakini usiende kuwasahihisha watu wa Nairobi. Jina la mahali huandikwa kama wenyeji na mamlaka zao wanavyoliandika. Ukiwa Nairobi andika Kariokor, ukiwa Dar es Salaam andika Kariakoo. Ukiwa pale katikati ya Nairobi, pita barabara ya Kenyatta uone sanamu za shaba za wale wa vita ile. Mpagazi yumo kati yao, na maandishi yaliyo chini yanawaita wapagazi miguu na mikono ya majeshi. Yameandikwa kwa Kiswahili pia.

Haya, tuje kwenye ugomvi wako na mhariri.

Mhariri wako hakukosea kusema "Kariakoo imejaa" ni Kiswahili sahihi. Alikosea kufuta "kumejaa" kana kwamba si sahihi. Jina la mahali katika Kiswahili lina milango zaidi ya mmoja, na mzungumzaji hupita ule unaoelekea kwenye kile anachokiona akilini. Wanafunzi hufundishwa mlango mmoja ili wapasi mtihani, kisha wanakuwa wahariri.

Mlango wa kwanza ni huo wa I. Hapa Kariakoo ni kitu kimoja kizima, chenye jina, kama vile gazeti au timu. "Kariakoo imebadilika." "Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za vyumba sita na baraza mbele; ya leo ni ya maghorofa." Hapo huwezi kukwepa "ya". Hakuna anayesema "Kariakoo kwa zamani" au "Kariakoo pa leo". Unapoipa Kariakoo sifa ya historia, umri au umiliki, inasimama kama kitu, na I inatawala.

Mlango wa pili ni wa mahali: PA, KU na M. Hapa Kariakoo si kitu, ni pale au kule ambako jambo linatokea. KU ni eneo pana lisilo na mipaka unayoishika kwa mkono. PA ni pahali mahususi, hasa unapopaona au unapopanyooshea kidole. M ni ndani. Ukiwa Kimara umekaa kwenye mwendokasi ukasema "Kariakoo kumejaa leo", unazungumzia eneo lote, huna nukta. Ukiwa umesimama kona ya Msimbazi na Uhuru ukasema "hapa Kariakoo pamejaa", unaonyesha. Na wale wafanyabiashara wa zamani waliokuwa wakishuka sehemu ya chini ya soko, iliyoitwa Shimoni, waliweza kusema "Shimoni mna vitunguu vya bei ya jumla", kwa sababu Shimoni unaingia, hufiki tu.

Ukitaka kujua kama KU ni ya lazima au ya hiari, weka kitenzi mbele ya nomino. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja iliporomoka Kariakoo na kuua watu. Simu zilizopigwa asubuhi ile zilisema: "Kariakoo kumeporomoka ghorofa." Zingine: "Kariakoo pameporomoka ghorofa." Mwombe mhariri wako aandike "Kariakoo imeporomoka ghorofa". Hataweza, kwa sababu ghorofa ndiyo iliyoporomoka, Kariakoo ni mahali tu palipotokea msiba. Kiambishi KU hapo kinabeba mahali peke yake, na I haina pa kushika.

Jaribio jingine ni kirejeshi, yaani ile -ko au -yo inayorejelea nomino. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 pembezoni mwa Kariakoo, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa New Street na ambao sasa ni Lumumba. Tunasema "Kariakoo ndiko ilikozaliwa TANU". Ukijaribu "Kariakoo ndiyo iliyozaliwa TANU" umetunga kichekesho. Kwa hiyo kanuni ya "jina la mahali ni I-ZI, basi" inavunjika kwenye tukio la kwanza kubwa lililotokea mtaani kwenu.

Kuna mlango wa tatu ambao wengi hawautambui ingawa wanaupita kila siku: kuna nomino imejificha. Nitakusimulia. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 ndugu yangu alinipigia simu akipiga kelele, "Kariakoo inaungua!" Shangazi yetu alikuwa amepanga Mtaa wa Swahili. Nikasimama, nikamuuliza, "Inaungua yote, au kunaungua?" Nakiri si swali la kumuuliza mtu anayelia usiku. Akanijibu kwa hasira, "Soko, bwana! Limeshika paa, linaungua!" Hapo nikakaa. Lile "li" liliniambia yote niliyotaka kujua: kichwani mwake Kariakoo lilikuwa soko, na shangazi alikuwa salama.

Lilikuwa ndilo soko lile lililojengwa miaka ya 1970 kwa ramani ya Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Paa lake lilikuwa la zege, lenye maumbo kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa, yaliyokinga mvua na kuyapeleka maji kwenye matangi. Watoto wa Dar es Salaam wa umri wangu tuliyaita uyoga. Baada ya siku hiyo tulikuwa tukisikia "Kariakoo limeungua", "Kariakoo limefungwa", "Kariakoo litafunguliwa lini?" Msemaji hakukosea ngeli. Amelimeza neno "soko", na upatanisho wake umebaki nje kama mkia.

Mlango wa nne ni wa watu. Mei 2023 wafanyabiashara waligoma kufungua maduka, na Waziri Mkuu akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Siku zile kila mtu alisema "Kariakoo wamegoma", "Kariakoo wamefunga". Mtaa hauwezi kugoma, wenye fremu ndio wanaogoma, na WA inawafuata wao. Watangazaji wa mpira nao wanaujua mlango huu vizuri. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zote zina mizizi kwenye mitaa ile, ndiyo maana mechi yao inaitwa dabi ya Kariakoo. Siku ya mechi utasikia "Kariakoo hawalali". Hapo hakuna aliyewaza I wala KU; anawaona watu na jezi zao, nyekundu upande wa Msimbazi, kijani na njano upande wa Jangwani.

Huenda utaniuliza: kama jina lenyewe lina ngeli yake, je? Mnazi Mmoja, uwanja uleule ulioachwa wazi enzi za ukoloni kutenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na ule wa Waafrika wa Kariakoo, jina lake ni mti. Lakini mkutano ukifurika, wengi wetu husema "Mnazi Mmoja kumejaa". Atakayesema "umejaa" ana uwanja kichwani, na kwa hiyo amepita mlango wa tatu. Hakumaanisha kwamba mnazi umezaa sana. Magomeni vilevile ina umbo la wingi, "magome", na bado husemi "Magomeni yamepanuka". Jina likishakuwa la mahali huiacha ngeli yake mlangoni.

Kuhusu "Kariakooni", jibu ni fupi. Kiambishi -ni huchukua nomino ya kawaida na kuigeuza mahali: soko, sokoni, mji, mjini. Jina la pekee la mahali tayari ni mahali. Ukiliongezea -ni ni kama kuvaa kofia juu ya kofia. Hatusemi "Tangani" wala "Ungujani". Yale majina ya Dar es Salaam yenye -ni, kama Gerezani, Jangwani, Mchikichini, Kivukoni, yalikuwa nomino za kawaida zilizopata -ni, kisha zikaganda. (Gereza lenyewe ni neno la Kireno lililokuwa na maana ya kanisa. Vipi kanisa likageuka jela ni swali la siku nyingine.) Ukitaka -ni iwepo, iweke kwenye nomino iliyotangulia: "nakwenda sokoni Kariakoo". Na usiandike "nilinunua katika Kariakoo". "Nilinunua Kariakoo" inatosha. "Katika" hapo ni mzigo usio na mpagazi.

Neno moja zaidi kwa kuwa unaishi Nairobi. Ukipigiwa simu ukaulizwa uko wapi, wenzako wa huko watajibu "niko Kariokor" popote walipo. Sisi wa Dar es Salaam, hasa vijana, tumeizoea "nipo" kwa kila mahali, hata ukiwa umefungiwa ndani ya lifti. Kwa ukamilifu wa lugha ni niko kwa eneo pana, nipo kwa pahali mahususi, nimo kwa ndani. Sitakulazimisha, mwenyewe huwa nasema "nipo".

Angalia pia tofauti hii ndogo inayonifurahisha kuliko zote: "Kariakoo kwetu" na "Kariakoo yetu". Ukisema kwetu, kuna mlango, kuna mama yako, kuna sufuria jikoni. Ukisema yetu, ni mtaa wenye historia tunayojivunia sote, hata aliyehamia mwaka jana. Makala yako, kwa jinsi ulivyoianza, ni ya "kwetu".

Sasa rudi kwenye sentensi yako uisome polepole, kisha umsomee mhariri: "Kariakoo kumejaa, hata pa kuweka mguu hakuna." Hiyo "pa kuweka mguu" ni mahali. Hiyo "hakuna" ni KU. Ulikuwa unapita mlango mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mhariri akakuingiza dirishani katikati ya safari na kukuacha umalizie mwenyewe. Mwambie arudishe "kumejaa". Yule mwenzake wa "pamejaa" mpe pole. Angekuwa sahihi kama ungekuwa umesimama pale, na umeshasema uko Nairobi.